Shimo Ndani ya Tuta

Kwenye matuta ya mabwawa ya kale ya Sri Lanka, upande unaotazama maji, kuna shimo la pembe nne linaloshuka wima hadi kwenye kitako cha tuta. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma, na kwa ndani zimevikwa mawe yaliyochongwa yakabanana. Wenyeji huliita bisokotuwa. Watalii huja kwa ajili ya tembo, mahekalu na machweo juu ya maji, na wengi hupita kando ya shimo hilo bila hata kuuliza ni la nini.

Henry Parker aliuliza, tena kwa miaka mingi. Alikuwa mhandisi Mwingereza wa umwagiliaji aliyefanya kazi kisiwani humo, enzi hizo kikiitwa Ceylon, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Kazi yake ilikuwa kufufua mabwawa yaliyobomoka, na mtu hawezi kufufua bwawa asilojua lilivyokuwa likifanya kazi. Mwaka 1909 alichapisha London kitabu kinene, Ancient Ceylon. Humo ameandika juu ya Wavedda, wenyeji wa asili wa kisiwa, juu ya sarafu, silaha, na michezo, ukiwemo mmoja ambao mcheza bao wa Zanzibar angeutambua mara moja. Katikati ya hayo yote kuna sura ya mabwawa, na katika sura hiyo kuna lile shimo.

Ili kuelewa kwa nini lilimkalia kichwani, inabidi kufikiri kama mtu mwenye tuta la kulinda. Bwawa la udongo ni udongo ulioshindiliwa, basi. Halina nondo wala saruji. Maji yakilipita kwa juu, hulimega. Na hata yasipolipita, mwenye bwawa mwenyewe analazimika kulitoboa kwa chini, maana bila tundu hakuna maji yatakayofika shambani. Tundu hilo ndilo ugonjwa wake. Maji yenye kina cha mita 10 yakiachiwa kutoka kwa chini huchomoka kwa kasi inayokaribia mita 14 kwa sekunde, yaani kama kilomita 50 kwa saa. Yakipata mwanya kati ya mawe ya mtaro yanaanza kuchota udongo, punje kwa punje, huku juu ya tuta majani yakiwa yameota vizuri na ng'ombe wakilisha. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Kwenye bwawa la udongo, anayechelewa kuziba ufa huenda asipate hata pa kujengea.

Si hadithi za kale hizo. Bwawa la Teton, la udongo, lililojengwa na idara ya serikali ya Marekani huko Idaho, lilipasuka tarehe 5 Juni 1976 likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Maji yalipenya ndani ya tuta, na watu 11 wakafa. Huko Sri Lanka kwenyewe, tuta la Kantale, ambalo asili yake ni karne ya 7, lilipasuka kabla ya mapambazuko ya tarehe 20 Aprili 1986. Walikufa zaidi ya watu 120.

Sasa turudi shimoni. Maji hayakuachwa yapite tuta lote kwa mkupuo mmoja. Yalitoka bwawani kwa mtaro wa kwanza wa chini, yakaingia ndani ya shimo, yakagonga kuta, yakazunguka, yakapoteza hasira. Ndipo yakatoka kwa mtaro wa pili kuelekea mfereji na mashamba ya mpunga. Mawe ya ndani yalizuia matofali yasiliwe. Na Parker alishikilia kwamba humo ndimo lilimokaa lango la kupimia maji: likishushwa, maji yanakatika, likiinuliwa kidogo, yanatoka kidogo. Mwenye kulisimamia hakuhitaji kupiga mbizi. Alisimama juu ya tuta, miguu mikavu.

Hapa ndipo Parker alipozungumza bila kuuma maneno. Aliwakumbusha wasomaji wake kwamba Ulaya ilianza kujenga minara na mashimo ya vali kwenye mabwawa yake mengi katikati ya karne ya 19 tu, karibu na wakati wake mwenyewe. Kazi ya minara hiyo, alisema, ndiyo ileile ya bisokotuwa. Hivyo wavumbuzi wa kwanza wa shimo la vali walikuwa wahandisi wa Kisinhala, zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Akaenda mbali zaidi: bila uvumbuzi huo, wangelazimika kuridhika na mabwawa madogo; kwa sababu ya uvumbuzi huo walithubutu kujenga makubwa yanayohesabika miongoni mwa kazi bora za aina hiyo duniani. Mtumishi wa serikali ya kikoloni kuandika hivyo mwaka 1909, akiwaambia wenzake kwamba waliyekuja kumfundisha alikuwa amewatangulia kwa miaka 2,000, si jambo dogo.

Miaka hiyo aliihesabuje? Kwa matofali. Parker aliyapima kila alikokwenda: urefu, upana, unene. Aliona kwamba matofali ya zamani zaidi ni makubwa, na kadiri karne zilivyosonga ndivyo yalivyopungua. Majengo ambayo umri wake ulijulikana yakampa kipimo, naye akakihamishia kwenye mashimo ambayo hayakuwa na maandishi yoyote. Kwa njia hiyo aliyaweka mabwawa ya kaskazini kama Pavatkulam na Vavunikkulam katika karne za kabla ya Kristo. Mtu anaweza kumbishia juu ya tarehe moja moja, lakini ni vigumu kutompenda mhandisi anayeinama na rula kwenye tope, akiuliza tofali lina umri gani.

Ujasiri aliousema Parker, wa kujenga makubwa, ulizaa Kala Wewa, bwawa la Mfalme Dhatusena wa karne ya 5. Kutoka hapo mfereji uitwao Jaya Ganga huenda kilomita zipatazo 87 hadi mji wa kale wa Anuradhapura, na katika kilomita 27 za mwanzo hushuka takriban sentimita 10 tu kwa kila kilomita. Tarihi za kisiwa zimetunza jina la mfalme. La fundi aliyepima mteremko ule halimo.

Kilichoyadhoofisha mabwawa mengi ya vijijini hakikuwa maji peke yake. Waingereza walifuta kazi ya lazima kwa mfalme, rajakariya, mwaka 1832. Ilikuwa na dhuluma zake, lakini ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu kwenda kuziba matuta na kuzibua mitaro. Baada ya hapo serikali yao hiyohiyo ikalazimika kuajiri wahandisi wa kufufua kilichozama, Parker akiwa mmoja wao. Leo mabwawa madogo ya vijijini zaidi ya 10,000 bado yanatumika katika ukanda mkavu, na mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wake kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ukame ukibana, wanavijiji hugawana upya sehemu ya mashamba iliyo karibu na bwawa, ili kila mmoja apate cha kulima.

Mwisho wa miaka ya 1970, wahandisi wa mradi wa umwagiliaji wa Mahaweli walichagua mahali pa kujenga bwawa jipya kwenye mto wa Maduru Oya. Walipofyeka msitu wakakuta tuta la kale palepale, limevunjika katikati, na ndani yake mtaro wa mawe na matofali. Wa kale walikuwa wameusoma mto ule wakafikia jibu lilelile.

Linalobaki kumsumbua anayesoma habari hizi ni lango lenyewe. Hakuna hata moja lililofukuliwa zima. Kama lilikuwa la mbao, limeoza. Lakini hesabu haiozi. Ubao wa sentimita 60 kwa 60 chini ya maji ya kina cha mita 6 hukandamizwa na nguvu ya zaidi ya tani 2. Nani aliuinua, na kwa kutumia nini? Wenzo? Kamba na magogo? Watu wangapi? Wahandisi wa baadaye wamebishana hata kama shimo lilikuwa na lango moja au zaidi, na kama kazi yake kubwa ilikuwa kufunga maji au kuyatuliza. Parker alikuwa na hakika na jibu lake, ila hakuwahi kushika lango mkononi.