Je, Wajua? Mashine ya Kukata Nyota za Krismasi Ina Ndugu Kiwandani

Mwaka unapoelekea ukingoni, meza ya mtu anayetengeneza kadi na mapambo ya Krismasi kwa mkono hujaa nyota, kengele, malaika na misonobari ya karatasi. Ukizitazama nyota hizo kwa karibu utaona jambo la ajabu: ncha zote zimechongoka sawasawa, na nyota ya hamsini haitofautiani na ya kwanza. Mkasi hauwezi kazi hiyo. Iliyoifanya ni mashine ndogo ya mezani yenye fremu ngumu, rola mbili zilizokaribiana na mpini wa kuzungusha pembeni. Haitumii umeme, haina kisu kinachoonekana, na hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuizungusha.

Je, wajua kwamba mashine hiyo ni ya ukoo mmoja na zile zinazokata soli za viatu viwandani, na zile zinazokata boksi la dawa ya meno? Na je, wajua kwamba siri yake si wingi wa nguvu, bali ni kuikusanya nguvu ndogo mahali padogo?

Kibati katikati ya sahani mbili

Ufundi wenyewe umo kwenye kibati cha kukatia. Hiki ni kipande chembamba cha chuma chenye umbo linalotakiwa, tuseme nyota. Upande mmoja ni laini. Upande wa pili una ukingo ulioinuka kidogo sana kuizunguka nyota yote, na ukingo huo ndio kisu. Ukiupitishia kidole taratibu haukukati. Makali yake huamka pale tu unapobanwa.

Vibati vingi vya aina hii havichongwi kwa zana, bali hutengenezwa kwa kemikali. Bamba la chuma hupakwa utando unaobadilika ukipigwa na mwanga, kisha mchoro huhamishiwa juu yake kwa mwanga huo huo. Sehemu zilizofunikwa na utando husalimika. Zilizo wazi huliwa na kemikali polepole mpaka ukingo peke yake unabaki umesimama. Kwa njia hiyo kibati kinaweza kubeba vijani vya msonobari vyembamba ambavyo hakuna fundi angeweza kuvikunja kwa koleo.

Aina ya pili ni nene zaidi. Utepe wa chuma wenye makali hukunjwa kwa umbo la kengele au soksi, huchomekwa kwenye ubao, kisha huzungushiwa sponji. Ubao ukibanwa, sponji hunywea na makali hutokeza. Ukiachiwa, sponji hufura tena na kuitema karatasi iliyokatwa. Aina hii haiishii kwenye karatasi: hukata pia kitambaa na ngozi laini.

Siku ya kazi mpangilio ni huu. Chini huwekwa sahani ya plastiki ngumu, juu yake karatasi ya manila, kisha kibati kikiwa kimeielekezea karatasi makali yake, halafu sahani nyingine juu ya vyote. Tabaka hizo zote husukumwa kwa pamoja hadi kwenye rola, na mpini huanza kuzungushwa. Aliyewahi kusubiri glasi yake mbele ya mashine ya juisi ya miwa atautambua utaratibu huo mara moja: mpini, giya, rola mbili, na kitu kinachovutwa katikati kikibanwa. Plastiki hulia kwa mkwaruzo unaowatia hofu wageni wa kazi hii, lakini mlio huo ni wa kawaida. Upande wa pili tabaka hutoka, sahani ya juu huondolewa, na nyota imekwisha kukatika.

Hesabu ya nguvu ndogo

Mkono wa mtu unapataje nguvu ya kupasua manila kuzunguka umbo lote? Jibu ni kanieneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo inapotua. Chukua kani sawa na uzito wa kilo 50. Ukiutandaza kwenye sentimita 100 za mraba, kila sentimita ya mraba hubeba nusu kilo tu, na karatasi haihisi chochote. Sasa uhamishie uzito huo huo kwenye ukingo wenye urefu wa sentimita 10 na upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Eneo sasa ni sehemu moja ya kumi ya sentimita ya mraba, na kanieneo ni sawa na kilo 500 kwa kila sentimita ya mraba. Uzito haukuongezeka hata gramu. Kanieneo imeongezeka mara 1,000.

Rola nazo zina mchango wao. Kama kibati kingekandamizwa chote kwa wakati mmoja, kingehitaji mtambo mzito. Rola ni duara, kwa hiyo hukibana katika mstari mwembamba tu unaosogea mbele hatua kwa hatua. Katika kila nukta ya wakati unakata vipande vidogo vya nyota, si nyota nzima. Mpini wenyewe ni wenzo: ukiwa na urefu wa sentimita 15 na rola ikiwa na nusukipenyo cha sentimita 2, nguvu ya mkono huzidishwa zaidi ya mara saba hata kabla ya giya kuongeza sehemu yake.

Kutoka hapo ndipo zinapotokea mbinu za wazoefu. Kibati chenye ukingo mrefu ulionyooka, kama cha fremu ya mraba, huwekwa kimeinama kidogo. Kikiwekwa sambamba na rola, ukingo wote hufika chini yake kwa mpigo mmoja na mpini hukwama. Kikiinama, ukingo huingia kidogo kidogo.

Mbinu nyingine ni ya unene. Mwanya kati ya rola haubadiliki, na mgandamizo hutokana na tabaka kuwa nene kidogo kuliko mwanya. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kiasi hicho chatosha kuleta tofauti: nyota isipokatika vizuri upande mmoja, fundi huongeza karatasi moja ya kuchapia kwenye tabaka na kuzungusha tena.

Zinazoumia katika kazi yote hii ni sahani za plastiki. Kila mkato huacha kovu juu yake, na upande ule ule ukitumika kila siku sahani hupinda. Dawa yake ni kuzigeuza kila mara, na kukubali kwamba siku moja zitapasuka na kununuliwa nyingine.

Kutoka soli hadi boksi

Kukata kwa umbo la chuma hakukuanza na mapambo. Katikati ya karne ya 19 viwanda vya viatu vya Marekani vilianza kutumia visu vilivyokunjwa kwa umbo la soli, ili kila soli ya saizi moja itoke sawa na mwenzake. Fundi wa kisu cha mkono alikuwa na jicho zuri, lakini jicho huchoka jioni. Umbo la chuma halichoki.

Hatua iliyofuata ililetwa na ajali. Robert Gair, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa na kiwanda cha karatasi Brooklyn, New York, alikuwa akichapa mifuko ya mbegu mwaka 1879. Utepe wa chuma uliokusudiwa kuweka alama ya mkunjo ulikuwa umekaa juu kuliko ilivyotakiwa, ukaipasua mifuko badala ya kuikunja. Wengine wangehesabu hasara. Gair aliona kwamba utepe mkali na utepe butu vikiwekwa kwenye ubao mmoja, karatasi ngumu inaweza kukatwa na kuwekewa mikunjo kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo lilipotoka boksi linalosafirishwa likiwa bapa na kusimamishwa pale linapohitajika. Vibati vya leo vya kutengenezea visanduku vya zawadi vina kingo za aina hizo hizo mbili: kali za kukata na butu za kukunja.

Wakati huo huo wachapaji wa Ujerumani, hasa wa Berlin, walikuwa wakiuza picha za rangi za malaika, maua na Baba Krismasi zilizokwisha kukatwa kwa kufuata umbo la picha na kubinuliwa kidogo ili zionekane hai. Ziliuzwa kwa ukurasa, zikiwa zimeshikana kwa vipande vyembamba vya karatasi, na familia za Ulaya zilizichomoa moja moja na kuzibandika kwenye albamu na kadi. Kwa hiyo kadi ya kujitengenezea nyumbani iliyobeba kipande kilichokatwa na mashine si jambo la leo.

Kadi ya mtu asiye na muda

Wapo wanaouliza: kama mashine ndiyo iliyokata, kadi hiyo bado ni ya mkono? Historia ya kadi yenyewe inasaidia kujibu. Mwaka 1843 Henry Cole, mtumishi wa serikali mjini London, alikuwa na marafiki wengi kuliko muda wa kuwaandikia barua. Alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuanzisha posta ya peni moja mwaka 1840, huduma iliyoifanya barua iwe rahisi kwa kila mtu, na sasa barua zilimrudia yeye. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha ya familia ikisherehekea, akaichapisha takriban nakala 1,000, zikapakwa rangi kwa mkono, na zilizobaki zikauzwa shilingi moja moja. Juu paliachwa nafasi ya jina la anayepelekewa, chini nafasi ya jina la anayepeleka.

Kadi ya Krismasi, basi, ilianza ikiwa njia ya kupunguza kazi inayojirudia ili watu wengi wakumbukwe kwa wakati. Mashine ya kukata inafanya hivyo hivyo. Ni kwa sababu hiyo pia iliingia shuleni kabla ya kuingia nyumbani: kampuni ya Ellison ya California, iliyoanza mwaka 1977, ilizipa shule mashine za kukata herufi na maumbo ya kubandika ukutani ili mwalimu asikeshe na mkasi. Chapa yake ya Sizzix, iliyolengwa kwa watengenezaji wa nyumbani, ilifuata mwaka 2001. Miaka hiyo hiyo zikatokea mashine za kompyuta kama Cricut, zinazotumia mota kukiendesha kisu kidogo juu ya karatasi kwa kufuata mchoro wa programu. Hizo hazihitaji kibati, na umbo lolote linawezekana. Lakini zinahitaji umeme, na nyota hukatwa kwa kufuatwa mstari baada ya mstari, ilhali rola huipitia mara moja.

Ncha 25, mikono sita

Umbo zuri la Krismasi lina hesabu ndani yake, na mashine huianika hesabu hiyo. Mfano ni nyota ya Herrnhut. Ilianzia mwanzoni mwa karne ya 19 katika shule za bweni za kanisa la Moravian nchini Ujerumani, ambako wanafunzi waliiunda kama zoezi la jiometri. Ile inayojulikana zaidi ina ncha 25: 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu. Kiini chake kina nyuso 26, na uso mmoja huachwa wazi kwa ajili ya taa na kamba. Wamishonari wa kanisa hilo ndio waliofika Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1891. Anayetaka kuiunda nyota yao kwa karatasi anahitaji vibati viwili tu, kisha uvumilivu wa kukunja na kugundisha ncha zote 25.

Mfano wa pili ni chembe ya theluji. Mwaka 1611 mwanahisabati Johannes Kepler aliandika kijitabu kuhusu swali la kwa nini theluji ina pembe sita, akampa rafiki yake kiwe zawadi ya Mwaka Mpya. Leo twajua kwamba molekuli za maji zikiganda hujipanga katika mfumo wa pembe sita, na mikono ya theluji hufuata mpangilio huo. Ukikuta dukani kibati cha theluji chenye mikono minane, mchoraji wake hakuitazama theluji.

Kazi inayobaki

Rola zile zile zinaweza pia kunakshi bila kukata. Karatasi huwekwa kati ya kurasa mbili za plastiki, moja yenye matuta na nyingine yenye mashimo yanayolingana nayo. Zikibanwa, nyuzi za karatasi huvutika na kubaki zimeinuka. Kuinyunyizia karatasi maji kidogo kabla ya kuibana husaidia, kwa sababu unyevu hulegeza vifungo kati ya nyuzi, zikanyooka bila kukatika. Nyuzi hizo pia zina mwelekeo: kadi ikikunjwa sambamba nazo mkunjo huwa safi, ikikunjwa kwa kuzikatiza hutoa nyufa.

Mashine haitambui lolote kati ya hayo. Haijui kwamba karatasi ya magugumaji ya Kisumu ina nyuzi nene na hutaka kibati cha umbo sahili, au kwamba kitenge hukatika vizuri kikibandikwa kwanza kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi cherehani hukitia kwenye kola. Kuchagua, kupanga rangi, kugundisha na kuandika jina la mpokeaji bado ni kazi ya mkono.

Asiye na bajeti ya manila anaweza kuanza na kilichomo nyumbani. Chukua boksi tupu la dawa ya meno au la biskuti, lifungue gundi yake na ulilaze bapa. Utaiona kazi ya Gair yote: kingo zilizokatwa, mistari iliyokunjwa, masikio ya kuchomeka. Chora pembeni yake kwa penseli na utakuwa na kiolezo cha kisanduku cha zawadi. Kisha ligeuze upande usio na maandishi na ulipitishe kwenye rola. Karatasi iliyowahi kukatwa kiwandani kwa umbo la boksi itakatwa mara ya pili, safari hii kwa umbo la nyota.