Kulipa mara moja, kula mpaka kushiba: kwa Wachina, angalieni mchele kwanza



Kila mwisho wa mwezi, kwenye benchi la kungojea pale dispanseri, nasikia mabishano yale yale. "Jumapili tutakula kwa Wachina." "Wachina gani? Wa geti jekundu, ao wa barabara kubwa?" Basi kila mtu anasifu nyumba yake: huyu anahesabu masinia, yule anataja bei, mwingine anasema kwake wanatoa na matunda. Katika mabishano hayo yote sijasikia hata mmoja akiuliza swali ambalo mganga angeuliza kwanza: mchele ule wa kukaanga, ulipikwa saa ngapi?

Leo tuzilinganishe nyumba hizo kwa jicho la afya. Majina yao sitayaandika. Gazeti letu si polisi, na mpishi wa leo anaweza kuondoka kesho. Lakini alama nitakazowaonyesha mtaweza kuzitumia wenyewe, hapa Kolwezi, Likasi au Lubumbashi.

Zamani kula "bufe" kulikuwa jambo la hoteli kubwa na la arusi. Tangu mkataba wa Sicomines ulipotiwa sahihi mwaka 2008, tena CMOC ilipoingia Tenke Fungurume mwaka 2016, Wachina wamekuwa wengi katika miji yetu ya shaba, na wapishi wakawafuata. Lakini desturi ya kulipa mara moja mlangoni na kujipakulia bila kipimo, msifikiri ni ya mababu wa China. Kwao chakula kinatoka jikoni kikiwa moto, kinawekwa katikati ya meza, na watu wa nyumba wanakula pamoja. Bufe ya namna hii ilikuzwa sana na Wamarekani, na hoteli za kamari za Las Vegas ziliipa sifa tangu miaka ya 1940. Wachina wenyewe wanaiita zizhucan, maana yake chakula cha kujihudumia. Shikeni neno hilo, kujihudumia. Pale hakuna mama wa kukupimia.

Nyumba ya kwanza ni ile ya barabara kubwa. Ndiyo yenye masinia mengi, zaidi ya 30, na ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Mimi nilikwenda huko siku ya Jumapili, jua likianza kushuka, na nilifanya kitu ambacho ninyi pia mnaweza kufanya bila kumkasirisha mtu: nilisimama karibu na masinia na kutazama mvuke. Chini ya masinia yale kuna maji ambayo lazima yawe moto daima, ili chakula kisipoe. Siku ile hapakuwa na mvuke hata kidogo. Nyama ya juu ilikuwa vuguvugu, ya chini ilikuwa baridi. Sinia la mchele lilikuwa kubwa kama karai la kuoshea nguo, na lilipopungua, kijana alileta mchele mpya akaumwaga juu ya ule wa zamani. Sikula mchele.

Nyumba ya pili, ya geti jekundu, watu wanailalamikia: "Pale hakuna kitu, masinia 12 tu." Ni kweli, ni machache, tena madogo. Lakini sinia likikwisha linaondolewa lote, linaletwa jingine safi, na chakula kinatoa moshi. Kila sinia lina kijiko chake, na mpini hauzami ndani ya mchuzi. Mlangoni kuna bomba la maji yanayotiririka, na sabuni. Niliwauliza watoto wa meza mchele uliobaki jioni unakwenda wapi. Walicheka, wakasema ni wao wanaoula usiku ule ule, haulali. Jibu hilo lilinifurahisha kuliko matunda yote ya nyumba ya kwanza.

Kwa nini nashikilia mchele hivi? Sisi tunaogopa vyakula tusivyovijua: mara uyoga mweusi, mara kitu chenye miguu mingi, mara nyama isiyo na jina. Mchele tunauona kama ndugu. Kumbe kuna mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, waganga wanamwita Bacillus cereus, anayeishi udongoni na kuja pamoja na mchele tangu shambani. Ukiupika, mdudu anakufa, lakini mbegu zake hazifi. Mchele ukiachwa nje katika joto la chumba, mbegu zinaamka, wadudu wanazaana, na wengine wanatoa sumu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha. Tena haiogopi moto: inavumilia nyuzi 121, ndilo joto la otoklavu tunayotumia hospitalini kuua vijidudu katika vyombo vya upasuaji. Basi ukikaanga mchele wa jana mpaka uungue, mdudu unamuua, sumu inabaki.

Mambo haya yalijulikana vizuri huko Uingereza tangu mwaka 1971. Watu walikula mchele wa kukaanga katika nyumba za chakula za Kichina, na baada ya saa chache wakaanza kutapika. Wachunguzi walipoingia jikoni waliona sababu. Wapishi walipika mchele mwingi mara moja, wakauacha nje usiku kucha, kwa maana ukiwekwa kwenye frigo unashikamana na haukaangiki vizuri. Kesho yake waliukaanga haraka kwa mayai. Kosa hilo si la Wachina peke yao. Linafanyika hata kambini kwetu, wakati wa kilio na wakati wa arusi, sufuria kubwa ikilala jikoni na kifuniko chake.

Kipimo ni chepesi kukishika. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje kupita saa 2. Cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5. Huna kipimajoto mfukoni, najua. Lakini chakula cha nyuzi 60 kinakulazimisha kupuliza kabla ya kumeza. Ukiweza kukimeza upesi bila kupuliza, jihadhari.

Nyumba ya tatu ni ya chungu. Mnakaa kuzunguka chungu cha mchuzi kinachochemka mezani, mnachovya wenyewe vipande vya nyama mbichi, samaki na mboga. Wengine wanaiogopa kwa sababu wanaona nyama mbichi. Kwangu mimi inaweza kuwa salama kupita zote mbili, kwa maana chakula kinapikwa mbele ya macho yako na kinaliwa hapo hapo. Hatari yake iko kwenye vijiti. Vijiti vilivyoshika kuku mbichi visiingie kinywani. Ombeni vya pili, hawatakatala. Nyama ikae ndani ya mchuzi unaotokota mpaka isionyeshe wekundu, na mchuzi ukiacha kutokota, ngojeni. Baba mwenye njaa anachovya na kutoa kama anayelowesha mkate kwenye chai. Hiyo si kupika.

Saladi mbichi na vipande vya barafu, katika nyumba zote tatu, niliziacha. Huku Katanga kipindupindu hakijatuaga, na sikuona maji waliyoyatumia.

Juu ya ile unga nyeupe ya kuongeza ladha, wengi wananiuliza kama ni sumu. Mwaka 1968 daktari mmoja, Robert Ho Man Kwok, aliandika katika jarida la waganga la Marekani kwamba anasikia shingo kufa ganzi na moyo kupiga akila chakula cha Kichina, na tangu hapo unga ile ilisingiziwa mambo mengi. Waganga waliochunguza baadaye hawakupata ushahidi kwamba inadhuru watu kwa kiasi kinachowekwa chakulani. Na mama anayeiogopa kwa Wachina, asome karatasi ya kile kidonge cha supu anachotia katika sombe kila siku. Ataikuta mle.

Cha kuogopa zaidi ni chumvi. Ule mchuzi mweusi wa soya, kijiko kimoja kikubwa kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku nzima. Wenye tansio, mnanielewa. Wenye ugonjwa wa sukari, chupa moja ya limonadi ya sentilita 33 inaweza kuwa na gramu 35 za sukari, karibu vijiko 7 vya chai. Mkinywa maji hamtaonekana maskini.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua, nalo ni ile hesabu ya kichwani: "Nimelipa, lazima pesa yangu irudi." Mtu anajaza sahani ya kwanza kama mlima, anaimaliza kabla jirani hajakaa, anasimama kuchukua ya pili. Tumbo linahitaji dakika 20 hivi kuujulisha ubongo kwamba limeshiba. Ukila upesi, habari inafika ukiwa na sahani ya tatu. Chukua kidogo, keti, zungumza na bibi yako, halafu ndipo uamue kama unarudi.

Na ninyi wa zamu ya usiku, hasa wenye kuendesha magari makubwa ya mgodi, nawaomba kwa heshima. Msiende bufe jioni ile ile mnayoingia kazini. Mwili kwa desturi yake unalegea usiku wa manane kabla ya alfajiri, na tumbo zito linaongeza usingizi. Gari la tani 100 haliulizi kama dereva alikula vizuri. Nendeni siku ya mapumziko, mkale kwa nafasi.

Neno moja kwa baba mwenye upendo. Nyumba nyingine zinakubali ufunge mabaki kwenye mfuko wa plastiki. Wewe unafikiri watoto. Mfuko unakaa motoni ndani ya basi, unafika kambini, watoto wamelala, unawekwa juu ya meza. Asubuhi wanaula mchele ule kabla ya shule. Watoto watatu wa nyumba moja waliletwa kwetu hivyo, wakitapika, wa mwisho macho yamedidimia. Walipona, lakini baba yao hakukaa kwenye kiti siku ile nzima.

Kutapika kwa sumu ya mchele kunaanza kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Kuhara kunachelewa, kati ya saa 6 na 15. Usimpe mgonjwa dawa ya kufunga tumbo. Mpe maji yenye chumvi na sukari: litre moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika 10 mwanze tena. Mtoto asiyekojoa, anayelegea, au damu ikionekana chooni, msingoje asubuhi. Dispanseri iko wazi usiku. Mkifika, mtuambie alikula nini, wapi, na saa ngapi, na kama kuna mabaki ndani ya mfuko, msiyatupe. Yaleteni pamoja na mgonjwa.