Mafua ya Kwanza ya Mtoto Mchanga: Kazi Ianzie Puani

Mtu mzima akipata mafua hufungua kinywa akapumua. Mtoto wa wiki sita bado hajaujua ujanja huo. Katika miezi ya mwanzo ya maisha mtoto hutegemea sana pua ili kupumua, na umbile la kinywa na koo lake limekaa hivyo ili aweze kunyonya huku akiendelea kuvuta pumzi. Lakini njia yenyewe ni nyembamba mno. Uvimbe mdogo wa utando wa ndani ya pua, ambao mimi na wewe tungeuita usumbufu tu, kwake ni mlango uliofungwa nusu.

Jambo hili huonekana waziwazi wakati wa kunyonya. Mtoto hulikamata ziwa kwa pupa, hunyonya mara mbili au tatu, huliachia, hulia, hulitafuta tena. Mama hudhani maziwa yake yamepungua, na jirani humshauri aanze uji mwepesi au maziwa ya kopo. Wengine husema mtoto amelikataa ziwa. Hajalikataa. Anatafuta hewa.

Mafua husababishwa na virusi. Kundi la rinovirusi peke yake lina aina zaidi ya 100, ndiyo maana mtoto mdogo mwenye afya njema aweza kuugua mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka bila ya kuwa na upungufu wowote wa kinga. Dalili huwa kali kati ya siku ya 2 na ya 4, kisha hupungua polepole. Kikohozi chaweza kubaki nyuma kwa wiki 2 au zaidi. Kamasi hugeuka zito, la njano au la kijani, katika mwendo wa kawaida wa ugonjwa. Rangi hiyo si ushahidi wa bakteria, wala si sababu ya kuanza antibiotiki, ambazo haziui virusi. Tuseme pia kwamba kupiga chafya na kukoroma kidogo puani katika wiki za kwanza si mafua kila mara. Mtoto mchanga husafisha pua yake kwa chafya, na ikiwa ananyonya na kulala vizuri, aachwe.

Msaada wa kwanza, basi, ni kufungua pua kabla ya kunyonyesha. Maduka ya dawa huuza matone ya maji ya chumvi ya puani kwa ajili ya watoto. Yasipopatikana, nyumbani huchanganywa nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikiwa kimesawazishwa, katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji hayo yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, na yanayobaki yamwagwe siku hiyohiyo. Mtoto alazwe chali mapajani, atiwe tone 1 au 2 katika kila tundu la pua, kisha mama angoje kama dakika moja. Hapa ndipo wengi hukosea: hutia matone na papo hapo huanza kufuta, kabla kamasi halijalainika. Baada ya kungoja, achukue kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa, akisokote ncha, akilowanishe kwa maji yaleyale na kutoa kamasi lililo mlangoni mwa pua. Asiingize ncha hiyo ndani, wala asitumie vijiti vya pamba vya masikioni. Mwenye kipira cha kuvutia kamasi akibonye kwanza nje ya pua ndipo akisogeze kwenye tundu na kukiachia taratibu, na akioshe kila baada ya kukitumia. Kuvuta mara kwa mara huchubua utando na kuuvimbisha zaidi, kwa hiyo mara moja kabla ya kunyonyesha na mara moja kabla ya kulala hutosha kwa watoto wengi.

Bibi zetu walikuwa wakiinyonya pua ya mjukuu kwa kinywa, na wapo wanaofanya hivyo hata leo. Nia yao ni njema na wazo lenyewe, la kutoa kamasi, ni sahihi. Ila kinywa cha mtu mzima kina vijidudu vyake, na mara nyingi aliyemwambukiza mtoto ni huyohuyo anayemnyonya pua.

Pua ikifunguka, mtoto apewe ziwa mara moja. Anyonye kidogo kidogo na mara nyingi zaidi kuliko siku za afya, akiwa ameinuliwa kifua, na mama asione vibaya kumpumzisha katikati. Akichoka kabisa kunyonya, maziwa yakamuliwe na kunyweshwa kwa kikombe kidogo kilicho safi. Maji matupu, chai ya tangawizi au juisi havihitajiki kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, hata akiwa na mafua. Vinajaza tumbo ambalo lingejazwa maziwa. Kipimo rahisi cha kujua kama anapata ya kutosha ni mkojo: mtoto aliyekwisha timiza wiki moja na anayenyonya vya kutosha hulowanisha nepi 6 au zaidi kwa saa 24.

Kubebwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi na mama au baba, humtuliza mtoto kuliko dawa yoyote niijuayo kwa ugonjwa huu. Usiku alazwe chali juu ya godoro lililo imara, bila mto. Mto hauzibui pua; humpinda shingo. Nguo ziwe za kumtosha tu: mtoto wa Dar es Salaam aliyefungwa mablanketi matatu mwezi wa Februari atapata joto la mwili ambalo halikuletwa na ugonjwa. Na kule Njombe au Mbeya, ambako baridi ni ya kweli, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa lengo la kumpasha joto. Gesi yake haina harufu na huua. Moshi wa kuni, sigara na ubani nao huwasha pua iliyokwisha kuvimba.

Mama mmoja, baada ya kunisikiliza hadi mwisho, aliniuliza kwa upole: “Sasa daktari, dawa huna?” Ni swali la haki. Amepanda daladala mbili, amekaa kwenye foleni tangu alfajiri, na kurudi nyumbani mikono mitupu humfanya aone hakuhudumiwa. Ninawaomba wenzangu wa zahanati na vituo vya afya walichukulie swali hili kwa uzito, kwa sababu mama asiyeridhika hapa ataridhishwa kwingine. Badala ya kumweleza kwa maneno tu, isafishwe pua ya mtoto palepale mbele yake, kisha anyonyeshe mkiwa mnatazama. Mtoto aliyekuwa akiachia ziwa kila dakika akinyonya kwa utulivu, mama huondoka na ujuzi ambao hakuja nao.

Huko kwingine ninakokusema kuna mambo matatu yanayonitia hofu. La kwanza ni dawa za maji za kikohozi na mafua. Hazifupishi ugonjwa kwa mtoto mdogo, na madhara yake kwa moyo na upumuaji yaliifanya mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2008 kuonya zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 2. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa za maji zilizochafuliwa kwa dietileni glikoli nchini Gambia, ambako makumi ya watoto walikufa kwa kuharibikiwa figo. La pili ni asali, ambayo kwa mtoto chini ya miezi 12 yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, pamoja na mafuta ya kuchua yenye kafuri na kumfukizia mtoto mvuke wa maji ya moto, ambao humuunguza.

La tatu ni kukata kimeo. Kikohozi kikizidi wiki moja, mara nyingi atatokea mtu wa kusema kimeo kimerefuka na kinamwasha mtoto koo. Kimeo ni sehemu ya kawaida ya koo. Hakisababishi mafua, na kukikata hakuponyi kikohozi. Kinachofuata baada ya wembe au chombo kisichotakaswa ni kuvuja damu, maambukizi yanayoingia katika damu, upungufu wa damu, na pengine kifo cha mtoto ambaye virusi vyake vingekuwa vimekwisha vyenyewe baada ya siku chache. Na kikohozi kikikoma baada ya kukatwa, mkataji husifiwa kwa kazi iliyofanywa na siku.

Pamoja na hayo, si kila kikohozi ni mafua. Mtoto akiwa ametulia au amelala, pua ikiwa imesafishwa, inuliwe nguo hadi kifua na tumbo vionekane, na pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima kwa saa ya mkononi au ya simu. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, zikihesabiwa tena zikawa vilevile, si za kawaida. Kuanzia miezi 2 hadi 12 kiwango ni 50. Mzazi yeyote anayejua kuhesabu aweza kufanya hivi, na mhudumu asikisie kwa macho. Mtoto apelekwe kituoni bila kungoja asubuhi iwapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, anakoroma kila anapotoa pumzi, midomo inageuka bluu, anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au anashikwa na degedege. Aliye chini ya miezi 2 aende pia akiwa na joto la kwapani la 37.5 au zaidi, au akiwa wa baridi chini ya 35.5. Katika umri huo asipewe parasetamoli nyumbani kwanza, kwa kuwa joto likishushwa, dalili iliyopaswa kumwamsha mhudumu hufichika.

Wapo pia wanaoahirisha kliniki ya chanjo kwa sababu pua ya mtoto inatiririka. Mafua mepesi yasiyo na homa hayazuii chanjo. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinamkinga dhidi ya kifaduro na aina za nimonia zilizo hatari kuliko mafua yenyewe, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ifuatwe, na pua isafishwe kabla ya kutoka nyumbani.