Kisukari Hupimwa, Mawazo Hayapimwi

Mgonjwa wa Mtae au Mlalo anayekwenda kliniki ya kisukari Lushoto mjini hudamka alfajiri, tena bila kula, maana damu yapaswa kupimwa kabla ya chai. Kidole hutobolewa, namba huandikwa kwenye daftari. Ikiwa kubwa, huulizwa: "Umekula nini?" Anavyouishi ugonjwa wenyewe, ni nadra kuulizwa.

Ugonjwa huu si wa wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64.

Kipimo cha mzigo wa kuishi na ugonjwa huu kipo. Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake nchini Marekani walichapisha dodoso la PAID lenye maswali 20. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 4, jumla ikazidishwa kwa 1.25, anayefikisha 40 kati ya 100 huhesabiwa kuwa amelemewa. Halihitaji maabara wala umeme.

Mengi yaliyomo mkulima wa milima hii ya Usambara anayafahamu: hofu ya sukari kushuka, naye yuko peke yake shambani kwenye mteremko, jembe mkononi, kujilaumu baada ya kula, woga wa kupofuka au kukatwa mguu, ndugu wanaomchunga sahani msibani. Mengine hayamo. Nauli haimo, wala insulini inayotakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 katika nyumba isiyo na jokofu. Mhoji makini atayaongeza mwenyewe.

Kulemewa huku si lazima kuwe sonona. Sonona huchunguzwa kwa dodoso la PHQ-9, na alama 10 kati ya 27 hudai uchunguzi zaidi. Hata hapo pana mtego: anayeamka kukojoa mara nne usiku kwa sababu ya sukari atasema halali vizuri na amechoka, na alama zitapanda.

Lutindi, upande wa Korogwe wa milima hii, ipo hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani. Ni hazina, ila mgonjwa wa sukari akitajiwa habari za akili aweza kudhani anapelekwa huko. Ndiyo maana mazungumzo haya mahali pake ni kliniki ya kisukari yenyewe.

Muuguzi asiye na dodoso aanze na maswali mawili: katika kisukari, ni nini kinachokuchosha zaidi? Nyumbani nani anakusaidia? Kisha majibu ayaandike kwenye daftari lile lile, kando ya namba ya sukari.