Dua Hii Inatoka Kitabu Gani?

Mama mmoja wa komini ya Katuba alitujia asubuhi, macho yamevimba. Usiku alikuwa amepokea dua kwenye telefone, na chini yake imeandikwa: tuma kwa watu kumi, ukiacha msiba utakupata. Hakuituma, unite zilikuwa zimekwisha. Alfajiri mtoto wake akashikwa na homa. Hospitalini walipima, wakakuta malaria, wakampa dawa, na leo mtoto anacheza. Lakini mama yake alikuwa bado anajilaumu.

Jambo hili si la leo. Mwaka 1908, huko Lindi, kusini mwa Tanzania ya sasa, ilienea barua iliyodaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, kwamba amemwona Mtume katika ndoto. Ilipita mkono kwa mkono mpaka serikali ya Wajerumani ikaingiwa na hofu. Jina la Sheikh Ahmad huyo bado linazunguka kwenye telefone.

Sisi walimu humwambia mtoto aonyeshe namna alivyopata jibu. Dua nayo tuiulize: nani aliipokea kwa Mtume, iko kitabu gani, wanachuoni wamesemaje? Kutajiwa jina la kitabu tu hakutoshi. Imam Tirmidhi, aliyefariki mwaka 892, aliandika hukumu yake baada ya hadithi nyingi: hii ni sahihi, ile ina udhaifu.

Tuchukue mfano unaotuhusu wamama. Bibi Fatima aliumia mikono kwa kusaga nafaka kwa jiwe (sisi tunapeleka mahindi kwenye mashine, na bado tunalalamika). Akaenda kumwomba baba yake mtumishi wa kumsaidia. Mtume akamfundisha yeye na mumewe Ali, wakienda kulala, waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Msimulizi ni Ali mwenyewe, na hadithi iko katika Bukhari na Muslim. Hakuna tisho lolote ndani yake.

Mwenye kutaka kitabu kidogo cha mfukoni atafute *Hisn al-Muslim* cha Sheikh Said al-Qahtani. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili, na dua zake zimeonyeshwa zilikotoka.

Kumwombea mtoto kwa maneno yako mwenyewe, kwa Kiswahili, Kibemba au Kiluba, hakukatazwi. Kosa ni kuyabandika jina la Mtume. Mama wa Katuba ameufuta ule ujumbe. Usiku anahesabu zile 33 kwa vidole, na mtoto anamfuata.