Maadili ya Kampuni Hayatundikwi Ukutani

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Ukiingia katika ofisi ya kampuni yoyote kubwa mjini, kabla hata hujamsalimia dada wa mapokezi, macho yako yatakutana na fremu ya kioo ukutani. Ndani yake mna maneno mazuri: uadilifu, uwazi, heshima, uwajibikaji, mteja kwanza. Chini yake pengine ipo sahihi ya mkurugenzi mkuu. Ni jambo jema. Lakini swali letu la wiki hii ni hili: je, maneno hayo huwa yanashuka ukutani na kwenda kukaa kwenye dirisha la malipo, kwenye stoo, kwenye kamati ya zabuni na juu ya meza ya mkurugenzi mwenyewe? Au yanabaki pale pale kwenye kioo, yakisubiri kupanguswa vumbi?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wenye kampuni, sisi wengine yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kampuni ikioza kwa ndani, wa kwanza kuumia si mkurugenzi. Ni mwenye akiba yake benki, ni mfanyakazi aliyekuwa akitegemea kiinua mgongo, ni mnunuzi aliyeuziwa dawa mbovu, na mwisho kabisa ni mlipa kodi.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kanuni za maadili ni maandishi. Utamaduni wa maadili ni kitu kingine. Ni yale ambayo watu wa mahali fulani huyafanya bila kuambiwa, hata pale ambapo hakuna anayewatazama. Kijana akiajiriwa Jumatatu hupewa kitabu cha kanuni akakisoma. Ikifika Ijumaa amekwisha jifunza kanuni nyingine ambazo hazikuandikwa popote: nani haulizwi kitu, risiti gani haihojiwi, gari la kampuni linakwenda wapi Jumamosi, na aliyesema ukweli mwaka jana yalimpata yepi. Hizo kanuni za Ijumaa ndizo utamaduni. Nazo zikipingana na zile za Jumatatu, za Ijumaa ndizo zinazoshinda.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa kampuni ya nishati ya Enron, huko Marekani. Mwezi Julai mwaka 2000 kampuni hiyo iliwagawia wafanyakazi wake kitabu cha maadili chenye kurasa 64. Miongoni mwa nguzo zake nne yalikuwemo maneno heshima na uadilifu. Wakati huo huo wakubwa wa kampuni walikuwa wakificha madeni katika vikampuni vya pembeni ili vitabu vya hesabu vionyeshe faida isiyokuwepo. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron ikaomba kinga ya kufilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na pamoja nayo akiba ya uzeeni waliyokuwa wameiweka katika hisa za kampuni hiyo hiyo. Kitabu cha maadili hakikuwa na kasoro yoyote ya lugha. Kilichokosekana ni mtu wa juu aliyekiamini.

Wahenga walisema samaki huoza kuanzia kichwani. Lakini tusiishie kichwani tu, kwa maana ziko njia nyingine ambazo kampuni huharibika bila mkubwa kutamka neno moja la kuagiza wizi. Njia mojawapo ni malengo.

Chukua benki ya Wells Fargo, pia ya Marekani. Wakubwa wake walitaka kila mteja auziwe huduma nyingi kadiri inavyowezekana, na lengo lao lilikuwa huduma nane kwa kila mteja. Kila tawi likapewa idadi yake, kila karani akapewa ya kwake, na asiyeifikia alijua kwamba kibarua chake kiko mashakani. Hakuna aliyewaandikia barua kuwaambia waibe. Lakini makarani walipoona kwamba idadi ile haifikiki kwa njia ya halali, walianza kufungua akaunti kwa majina ya wateja ambao wenyewe hawana habari. Septemba 2016 benki hiyo ilitozwa dola milioni 185. Ilibainika kuwa wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa ajili ya mambo hayo katika miaka mitano. Mwaka 2020 ikakubali kulipa dola bilioni 3 nyingine kumaliza kesi za serikali.

Jiulize, msikilizaji: inawezekana kweli watu 5,300 wakawa waovu kwa sadfa, wote katika benki moja? Haiwezekani. Wezi wachache unaweza kuwaajiri kwa bahati mbaya. Ukiona maelfu, ujue ni mfumo unaowafinyanga. Meneja anayedai matokeo bila kuuliza yamepatikanaje, huyo amekwisha toa amri, ingawa mdomo wake umefumba.

Sasa turudi nyumbani, maana hadithi za ng'ambo zina ubaya wa kutufanya tujione wasafi.

Kati ya mwaka 2012 na 2013 Serikali ya Tanzania ilikuwa ikitafuta mkopo wa dola milioni 600 katika masoko ya fedha ya nje. Kazi ya kuutafuta ilifanywa kwa pamoja na benki mbili ndugu: Standard Bank ya London na Stanbic ya Dar es Salaam. Ada iliyozungumzwa mwanzoni ilikuwa asilimia 1.4. Baadaye ikapanda kuwa asilimia 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ililipwa kwa kampuni ndogo ya hapa nchini iliyoitwa mbia, ambayo mmoja wa wakurugenzi na wenye hisa wake alikuwa ofisa wa juu wa serikali. Haukupatikana ushahidi kwamba kampuni hiyo ilifanya kazi yoyote ya kustahili malipo hayo. Machi 2013 fedha ziliingia katika akaunti yake, na katika siku chache sehemu kubwa ikatolewa taslimu.

Habari hii ilijulikanaje? Haikufichuliwa na waandishi wa habari, wala na polisi. Wafanyakazi wa Stanbic hapa Dar es Salaam waliona fedha taslimu nyingi namna ile zikichukuliwa dirishani, wakashtuka, wakasema. Taarifa ikapanda ngazi kwa ngazi hadi London, na Aprili 2013 benki yenyewe ikajisalimisha kwa vyombo vya Uingereza. Novemba 2015 mahakama ya huko iliidhinisha makubaliano ambayo kwayo Standard Bank ililipa dola milioni 25.2, na zaidi ya hizo ikairudishia Tanzania dola milioni 6 pamoja na riba, jumla kama dola milioni 7.

Kosa lililoikabili benki ile ya London halikuwa kutoa rushwa. Lilikuwa kushindwa kuzuia rushwa isitolewe kwa niaba yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 inaihesabu kampuni kuwa na hatia ikiwa haikuweka njia za kutosha za kuzuia. Nayo London ilikuwa na kanuni nyingi tu. Lakini kazi ya kumchunguza mbia iliwaachia ndugu zao wa Dar es Salaam, haikuuliza maswali yake yenyewe. Hakuna aliyesimama akauliza swali dogo ambalo hata mama muuza samaki wa Feri angeuliza: huyu anayelipwa dola milioni 6 amefanya kazi gani?

Katika kisa hicho tunapata mafunzo mawili. La kwanza, uchafu mara nyingi huingia kupitia mlango wa mtu wa kati: wakala, mshauri, mbia, "mtu anayefahamiana na wakubwa". Kampuni inabaki na mikono misafi, mikono ya wakala ndiyo inayochafuka, kisha wote wanafaidi. La pili, ulinzi wa mwisho haukuwa sheria wala mkaguzi wa hesabu. Ulikuwa ni makarani wa kawaida ambao dhamiri zao hazikuwa zimelala, na ambao waliona inafaa kusema.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Tunao msemo hapa nchini kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Wengi wetu tumeugeuza kuwa ruhusa. Mlinzi anakula geti, karani wa stoo anakula mafuta, dereva anakula safari, meneja anakula zabuni. Kila mmoja anapima kamba ya mwenzake na kuona ya kwake ni fupi. Katika mazingira kama hayo mtu mwaminifu haonekani mwema, anaonekana mshamba au msaliti. Wenzake wanamuuliza, "Unajifanya mtakatifu wewe?" Na baada ya miezi sita ama amejifunza kula, ama ameomba uhamisho.

Je, utamaduni kama huo unabadilishwaje? Kwa semina ya siku mbili hotelini yenye chai na sambusa, haubadiliki. Unabadilishwa kwa mambo machache, magumu, yanayorudiwa kila siku.

La kwanza ni mfano wa wakubwa. Mkurugenzi akitumia gari la ofisi kupeleka saruji kwenye nyumba anayojenga, hakuna waraka utakaomzuia dereva kuuza lita kumi za dizeli. Akilipa nauli yake mwenyewe kwa safari yake mwenyewe, habari hiyo itafika jikoni kabla ya saa sita mchana.

La pili ni malengo yanayofikika. Unapompa mtu idadi ya mauzo, muulize pia atayapataje. Mfanyakazi aliyekosa lengo kwa sababu alikataa kutoa kitu kidogo asiadhibiwe, bali asifiwe mbele ya wenzake.

La tatu ni kuondoa mazingira ya mtu mmoja kufanya yote. Anayeagiza mali asiwe ndiye anayeipokea, wala asiwe ndiye anayeidhinisha hundi. Haina maana kwamba tunawatuhumu wafanyakazi. Kugawa kazi kunamlinda mwaminifu asishukiwe na kumlinda dhaifu asishawishike.

La nne ni mlango wa kusema. Tanzania inayo Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kenya, kwa sheria yake ya rushwa ya mwaka 2016, inazitaka hata kampuni binafsi ziwe na utaratibu wa kuzuia rushwa unaolingana na ukubwa wake, na mwenye madaraka anayeshuku rushwa anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24. Lakini sheria haiwezi kumwokoa mtu ambaye bosi wake anamsubiri kesho asubuhi. Kule Wells Fargo ilikuwepo simu maalumu ya kutoa taarifa, na wapo waliolalamika kwamba walipoitumia wakafukuzwa. Baada ya hapo nani tena angepiga?

La tano ni adhabu isiyochagua. Karani akifukuzwa kwa shilingi elfu hamsini, na meneja wa mamilioni akahamishiwa mkoa mwingine kwa "manufaa ya kampuni", basi kampuni imeandika kanuni mpya ya Ijumaa: ukiiba, iba nyingi.

Najua yapo maswali. Kwanza, mshahara. Ni kweli, mtu anayelipwa ujira usiofika tarehe 15 anasukumwa pabaya, na mwajiri anayehubiri uadilifu huku akicheleweshea watu mishahara ajitazame kwenye kioo. Lakini visa nilivyovitaja si vya watu wenye njaa. Swali la pili ni la mfanyabiashara: washindani wangu wote wanatoa, nisipotoa nitafunga duka. Jibu jepesi halipo. Mwaminifu anaweza kukosa zabuni ya leo. Lakini rushwa ni kodi isiyo na kiwango wala stakabadhi. Aliyeipokea mara moja anarudi tena, na siku mambo yakiharibika hamtakuwa na hati ya kuonyesha.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol ambavyo mtu asiyejulikana alikuwa amevitia sumu. Kampuni ya Johnson & Johnson haikuhusika na kuvitia sumu, lakini iliondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 nchi nzima, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Kampuni hiyo ilikuwa na tamko lake la mwaka 1943 lililomweka mtumiaji wa dawa mbele ya mwenye hisa, na siku ya msiba tamko likatekelezwa. Hata hivyo, tusiwafanye malaika. Miaka ya karibuni kampuni hiyo hiyo imeshtakiwa na maelfu ya watu kuhusu poda yake ya watoto. Maadili si urithi. Kila kizazi cha wafanyakazi na wakubwa wake hulazimika kuyajenga upya.

Nayo hayahusu kampuni kubwa pekee. Mwenye gereji yenye mafundi watatu anajenga utamaduni siku anapomwambia fundi wake asimfungie mteja kipuri kikuukuu kwa bei ya kipya. Mwenye duka la dawa anaujenga anapotupa vidonge vilivyopitwa na wakati, ingawa roho inamuuma. Kijana wake anatazama, na siku akifungua duka lake atafanya kama alivyoona.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji uliye mkurugenzi, fremu yako iache pale ukutani, haina ubaya. Ila wiki hii mwite mfanyakazi wa chini kabisa ofisini kwako, mpe kiti, kisha muulize: hapa kwetu mtu akiona jambo baya, anamwambia nani? Akikujibu haraka na kwa jina, mshukuru Mungu. Akitazama mlango kwanza kabla ya kujibu, basi kazi ya kuanzia umekwisha ipata.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni kazi njema.