Fukuto la Masikioni

Hedifoni kubwa, zile zinazofunika sikio zima, hufanya jambo ambalo sikio halikuumbiwa: hulitenga na hewa. Azivaaye saa mbili mfululizo Mombasa au Dar es Salaam msimu wa kaskazi anayajua matokeo. Masikio yanalowa, nywele za pembeni zinanata, na ngozi bandia ya mito ya hedifoni inagandamana na shavu. Lawama huangukia betri, kwamba ndiyo inayochemka. Hesabu haikubali.

Betri ya hedifoni zisizo na waya huwa na nishati ya takriban wati-saa 2, nayo hudumu hadi saa 30. Hata umeme wote huo ukigeuka joto, haufiki sehemu moja ya kumi ya wati, tena umegawanyika pande mbili. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, na kipande cha ngozi kilichofunikwa na kikombe kimoja cha hedifoni, kwa makadirio, hutoa mara kadhaa ya joto la kifaa chenyewe. Anayechemka ni mvaaji. Hedifoni ni blanketi tu, ingawa bei yake haisemi hivyo.

Sikio la nje ni gegedu lililofunikwa kwa ngozi nyembamba, mafuta haba, na mishipa ya damu iliyo karibu na uso wa ngozi, kwa hiyo huachia joto kwa urahisi. Likiwa wazi, hupozwa na hewa inayopita na jasho linalokauka. Kila gramu ya jasho inayogeuka mvuke huondoka na joto la kilojuli 2.4 hivi. Ndani ya kikombe, hata hivyo, hewa imesimama. Mvuke ukishajaa, jasho jipya halina pa kwenda, na jasho lisilokauka halipozi chochote, linalowesha tu. Pwani hewa huingia kikombeni ikiwa tayari imesheheni unyevu, ndiyo maana hedifoni zinazovalika Limuru mwezi Julai hazivumiliki Tanga mwezi Februari. Kiyoyozi husaidia kuliko feni kwa sababu, mbali na kupoza hewa, huikausha. Feni hupuliza nje ya kikombe, mahali ambapo hapana tatizo.

Kwa nini basi vikombe visitobolewe? Kwa sababu ya besi. Sauti nzito huhitaji spika ndogo isukume hewa iliyozibwa. Penye upenyo, shinikizo huvuja na besi huenda nalo. Hata hivyo, mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414, hedifoni zenye mgongo wazi na mito ya sponji ya njano, na watu wakazinunua kwa wingi. Hewa hupita, sikio hupumua. Kelele nazo hupita. Kwenye daladala, mwenye hedifoni za aina hiyo hupandisha sauti ili aishinde injini na kondakta, na hapo hasara huhama kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye usikivu. Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Mgongo wazi unafaa chumba tulivu. Barabarani haufai.

Asiyeweza kuepuka vikombe vilivyofungwa ashughulikie mito. Ngozi bandia haipitishi mvuke, na joto la unyevunyevu huiozesha hadi ikabanduka vipande vyeusi vinavyobaki shingoni. Mahameli au kitambaa hufyonza jasho na kupitisha mvuke, kwa gharama ya besi kidogo. Kikombe kiwe na kina, sikio lisiguse ukuta wa ndani. Mito ya jeli inayouzwa kwa jina la kupoza hufanya hivyo kweli, mpaka jeli ifikie joto la ngozi. Baada ya hapo ni mito ya kawaida. Baridi yake ni ya dukani.

Dawa ya bure ni kuzivua hedifoni. Dakika chache kila saa hutosha mvuke kutoka, na kitambaa kikavu hupangusa sikio na mto. Wanaopokea simu kutwa nzima wanaweza kutumia za upande mmoja na kubadilisha sikio. Vidude vya kuchomeka sikioni havilipashi joto sikio la nje, ila huziba mfereji wake, na mfereji unaokaa na unyevu huambukizwa kirahisi. Mfereji ukiwasha, ukiuma au ukitoa majimaji, muone daktari, wala usiuchokonoe kwa pamba.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: mito hii inatoka na kubadilishwa? Akijibu kwamba haitoki, mrudishie hedifoni zake.